Kujibana huku unalipa madeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara mtu anapoamua kumaliza madeni yake binafsi: mkopo wa mshahara, kadi ya benki, mkopo wa kwenye simu, bidhaa iliyochukuliwa kwa kulipa kidogo kidogo, pesa ya rafiki. Hesabu zimeandikwa bila jina la sarafu. Weka ya kwako.

Nina madeni mengi hata sijui jumla yake. Nianzie wapi?

Anza kwa kuyaandika yote kwenye karatasi moja. Kwa kila deni andika mambo matano: nani anakudai, salio lililobaki leo, riba, rejesho la kila mwezi, na kitakachotokea ukichelewa. Usikadirie salio kwa kumbukumbu. Piga simu au omba taarifa ya mkopo, kwa sababu salio la kichwani karibu kila mara huwa dogo kuliko la kwenye vitabu vya anayekudai: faini na ada huwa hatuzihesabu.

Usiache madeni yasiyo na mkataba. Pesa ya dada yako, vitu ulivyochukua dukani ukaandikwa kwenye daftari, mshahara uliochukua kabla ya mwisho wa mwezi, vyote ni deni. Mimi nilipoandika karatasi yangu ya kwanza nilisahau makusudi deni la rafiki mmoja kwa kuwa "halina haraka". Lilikuwa la kwanza kuniharibia usingizi.

Karatasi ikikamilika, jumla itakushtua. Mshtuko huo hupita baada ya siku mbili tatu. Kinachobaki ni namba, na namba inaweza kupunguzwa.

Nilipe lipi kwanza?

Kabla ya kuangalia riba, toa pembeni madeni yasiyosubiri: kodi ya nyumba unayoishi, mkopo ambao dhamana yake ni nyumba au chombo unachofanyia kazi, na deni lililokwishafika mahakamani. Hayo yakiachwa yanakuondolea mahali pa kulala au pa kupatia kipato, na mtu asiye na kipato halipi deni lolote.

Yaliyobaki, kanuni ni rahisi. Lipa rejesho la kawaida kwa kila deni ili lisichelewe, halafu kila senti ya ziada ipeleke kwenye deni moja tu. Ukiigawanya ziada kwenye madeni matano, yote matano utayaona yamesimama palepale.

Deni hilo moja ni lipi? Kihesabu, ni lenye riba kubwa. Tuseme una deni la 20,000 lenye riba ya asilimia 1 kwa mwezi, la 60,000 lenye asilimia 5, na la 150,000 lenye asilimia 1.5. La tatu ndilo kubwa kwa macho, lakini kwa mwezi linakugharimu riba ya 2,250, wakati lile la 60,000 linakula 3,000. Ukipunguza 10,000 kwenye la asilimia 5, umejiokolea 500 kila mwezi unaofuata. Ukizipeleka 10,000 hizo kwenye lile dogo, unaokoa 100 tu.

Wapo wanaoanza na deni dogo kuliko yote ili walifute na wapate nguvu. Kihesabu wanapoteza kidogo. Lakini ikiwa umewahi kuanza mpango wa madeni mara tatu na kuuacha njiani, anza na dogo. Mpango wenye kasoro ambao utaufuata hadi mwisho unashinda ule sahihi utakaouacha mwezi wa nne. Ukishafuta moja, geukia lenye riba kali.

Na rejesho la deni lililokwisha lisirudi kwenye matumizi. Liunganishe na rejesho la deni linalofuata. Hapa ndipo mwendo huanza kuongezeka bila wewe kuongeza hata senti.

Mkopeshaji anasema riba ni "asilimia 2 tu". Hiyo ni ndogo, sivyo?

Uliza maswali mawili: asilimia 2 kwa muda gani, na asilimia 2 ya nini?

Muda kwanza. Riba ya mwezi ikizaliana kwa mwaka mzima haibaki mara kumi na mbili ya ile ya mwezi, inazidi. Asilimia 3 kwa mwezi, usipolipa chochote na riba ikaongezwa kwenye deni, inafika karibu asilimia 43 kwa mwaka. Kuna njia ya haraka ya kupima kichwani: gawanya 72 kwa riba, utapata muda ambao deni lisiloguswa litakuwa limeongezeka maradufu. Riba ya asilimia 6 kwa mwezi, 72 gawanya kwa 6 ni 12. Ndani ya miezi 12 deni limekuwa mara mbili.

Pili, asilimia ya nini. Kuna riba inayopigwa kwenye salio lililobaki, na kuna inayopigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hata kama nusu yake umesharudisha. Chukua mkopo wa 120,000 wa miezi 12. Kwa asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, rejesho ni kama 11,350 kwa mwezi na riba yote ni karibu 16,170. Kwa asilimia 2 ileile juu ya mkopo wa mwanzo, rejesho ni 12,400 na riba yote ni 28,800. Maneno kwenye tangazo ni yaleyale, gharama karibu mara mbili. Mwezi wa kumi na mbili unalipa riba ya pesa ambayo uliirudisha zamani.

Mikopo ya muda mfupi yenyewe mara nyingi haitaji riba, inataja "ada". Unapokea 10,000, baada ya siku 30 unarudisha 11,500. Haitishi. Lakini ukishindwa na ukawa unalipa ada tu ili upewe siku 30 nyingine, baada ya mwaka umetoa 18,000 na bado unadaiwa 10,000 zilezile. Watu hawakuibatiza mikopo ya aina hii "kausha damu" kwa utani.

Nikilipa kile kiwango cha chini cha kadi kila mwezi, si nitamaliza tu?

Utamaliza, ila panga kuzeeka nalo. Deni la 100,000 lenye riba ya asilimia 2.5 kwa mwezi na kiwango cha chini cha asilimia 3: unalipa 3,000, riba inachukua 2,500, deni linapungua 500. Na kwa kuwa kiwango cha chini hupungua kadiri salio linavyopungua, mwezi unaofuata unalipa pungufu ya hapo, na safari inarefuka. Kama huwezi kuongeza, angalau shikilia ile 3,000 ya kwanza usiishushe hata taarifa ikikuambia unaweza kulipa pungufu.

Kujibana ni kubana nini hasa? Nimeshaacha anasa zote.

Wengi huanza na vidogo kwa sababu vinaumiza na maumivu hutupa hisia kwamba tunafanya kitu. Anza na vikubwa: mahali unapoishi, namna unavyosafiri, na chakula. Katika kaya nyingi vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyobeba bajeti. Kuhamia chumba cha bei nafuu, au kukaa na mtu mkachangia kodi, ni uamuzi mmoja mchungu unaolipa kila mwezi bila kukutaka uwe na nidhamu tena. Kuacha soda kunakutaka uwe na nidhamu kila siku.

Kwenye chakula, hasara kubwa iko katika kile unachotupa na kile unachonunua kwa kuwa umefika nyumbani umechoka. Pika mara moja kwa siku mbili. Beba chakula kazini. Nenda sokoni na orodha, na uende umeshiba. Linganisha bei kwa kilo au kwa lita, maana pakiti ndogo karibu kila mara ni ghali zaidi kwa kipimo. Lakini kununua kwa wingi kuna mtego wake: kikiwepo kingi ndani, kinatumika kingi. Nunua kwa wingi vile tu ambavyo matumizi yake hayaongezeki kwa kuviona, kama sabuni ya kufulia, na kamwe usikope ili ununue jumla.

Umeme nao una mantiki yake. Watu huzima taa kwa ukali huku hita ya maji inawaka mchana kutwa. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa nzima imekula sawa na taa ya wati 10 iliyowaka saa 100. Chochote kinachopasha joto ndicho cha kuchunga; piga pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja.

Kisha tazama malipo yanayojikata yenyewe: vifurushi, uanachama, huduma za burudani, bima mbili zinazokinga kitu kimoja. Pitia taarifa ya akaunti ya miezi mitatu, mstari kwa mstari. Hii ni kazi ya jioni moja, na hata kama huna hamu ya kufanya jambo jingine lolote hapa, fanya hili.

Kuna visivyobanwa. Dawa unazotumia kila siku, matibabu ya jino lililoanza kuuma, matengenezo ya breki, viatu vya kazi. Ukiviahirisha vinarudi vikiwa ghali kuliko riba. Jibakizie pia furaha moja ndogo yenye bajeti yake. Mtu aliyejinyima kila kitu miezi mitatu huvunja yote siku moja, na siku hiyo huwa ghali.

Nimebana kweli, lakini mwisho wa mwezi sioni kilichookolewa. Kinapotelea wapi?

Hili ndilo swali ambalo ningetaka kila mtu aliulize, kwa sababu hapa ndipo juhudi nyingi zinapofia. Pesa usiyoitumia haijaokolewa. Imebaki tu, na pesa iliyobaki kwenye akaunti ya matumizi itatumika, ikiwa si leo basi Jumamosi. Umetembea kwa miguu badala ya kupanda gari, nauli imebaki mfukoni, jioni imenunua kitu kingine. Umechoka miguu na deni liko palepale.

Dawa ni kuihamisha siku ileile. Uliyoiokoa asubuhi, jioni iwe imekwenda kwenye deni, au kwenye akaunti ya pembeni isiyo na kadi ikisubiri kupelekwa kwenye deni mwishoni mwa wiki. Kama mkopeshaji anatoza ada kwa kila muamala, kusanya kwanza kisha upeleke mara moja kwa mwezi. Na unapolipa ziada, sema kwa maandishi kwamba hiyo ni ya kupunguza mkopo wenyewe. Wakopeshaji wengi, usiposema, huichukua kuwa rejesho la mwezi ujao lililolipwa mapema, na riba inaendelea kama kawaida. Soma pia mkataba kama kuna ada ya kumaliza mapema. Wakati mwingine ipo, na hata hivyo kumaliza mapema hubaki na faida, piga hesabu.

Mshahara nao ugawe kabla haujakaa. Kwanza marejesho na kodi, kinachobaki kigawe kwa wiki. Usikigawe kwa nne. Mwaka una wiki 52, yaani mwezi una wiki 4 na siku mbili au tatu juu yake, na siku hizo mbili tatu ndizo zinazowafanya watu wakope tarehe 29. Gawa kwa tano. Fungu la tano libebe siku za mwisho, na kikibaki kitu humo, kipeleke kwenye deni.

Niweke akiba wakati nina deni? Si bora yote iende kwenye deni?

Weka akiba ndogo kwanza, ya mwezi mmoja wa mahitaji ya lazima au hata nusu yake, halafu simama hapo. Riba ya akiba ni ndogo kuliko riba ya mkopo, kwa hiyo kulundika akiba kubwa huku unadaiwa ni kupoteza. Lakini bila akiba kabisa, homa moja ya mtoto au simu moja iliyovunjika inakurudisha kwa mkopeshaji, na kwa kawaida kwa yule mwenye riba kali kuliko wote, kwa sababu ndiye anayetoa haraka.

Kipato changu hakina mpangilio. Nitawezaje kuwa na bajeti?

Pima kwa mwezi mbaya, usipime kwa wastani. Angalia miezi 12 iliyopita, chukua mwezi uliopata kidogo kuliko yote, na upange maisha yako yaingie humo. Mwezi mzuri ukija, ziada igawe kwa kiasi ulichokwisha amua kabla hujaiona: kwa mfano nusu kwenye deni, robo kwenye akiba ya miezi mibaya, robo kwa mahitaji yaliyokuwa yanasubiri. Anayeamua mgawo pesa ikiwa tayari mkononi huwa hagawi, anatumia.

Nichukue mkopo mpya nilipe ile ya zamani?

Inawezekana iwe busara, na inawezekana iwe kufukua shimo ili kufukia shimo. Ni busara kama mambo matatu yote yapo: riba mpya ni ndogo baada ya kuhesabu ada zote, muda haurefuki sana, na vyanzo vya zamani unavifunga kabisa siku hiyohiyo. Hilo la tatu ndilo huwashinda watu. Kadi ikishalipwa na kubaki wazi, baada ya mwaka una mkopo mpya na kadi iliyojaa tena.

Muda nao usiuchukulie kimzaha. Rudi kwenye mkopo wetu wa 120,000 kwa asilimia 2 juu ya salio. Ukiurefusha kutoka miezi 12 hadi 24, rejesho linashuka kutoka 11,350 hadi kama 6,345. Unapumua. Lakini riba yote inapanda kutoka karibu 16,170 hadi karibu 32,270. Umenunua pumzi kwa 16,000. Kama ulikuwa unazama, inunue. Kama ulikuwa unataka tu mwezi uwe mwepesi, iache.

Na usiweke nyumba dhamana ili kulipa deni ambalo halikuwa na dhamana.

Mwezi huu siwezi kulipa. Nizime simu?

Usizime. Piga wewe kabla hawajakupigia, na upige kabla ya tarehe ya rejesho. Mtu anayepiga tarehe 20 akisema tarehe 30 atapungukiwa husikilizwa tofauti na anayetafutwa tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Eleza kilichotokea kwa sentensi mbili, sema unachoweza kulipa na lini, kisha omba jambo mahususi: kusogezewa tarehe, kulipa nusu kwa miezi miwili, au kufutiwa faini. Usiahidi kiasi cha kumfurahisha. Ahadi ya pili iliyovunjwa ni ngumu kuliko ombi la kwanza.

Mkikubaliana, pata maandishi. Hata ujumbe wa simu unaotaja kiasi na tarehe ni bora kuliko neno la mdomo la ofisa ambaye kesho amehamishwa.

Kumpa nafasi mdaiwa aliyepatwa na janga si jambo geni duniani. Sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, za zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, zilisema mwenye deni ambaye mazao yake yameangushwa na dhoruba au yamekosa maji hatalipa mwaka huo, na riba ya mwaka huo hatadaiwa. Kwa hiyo usiombe kama mtu anayeomba kitu cha aibu.

Vitisho, matusi, au kuwapigia ndugu na waajiri wako ili kukuaibisha ni jambo jingine. Hifadhi ujumbe na tarehe za simu, na uulize mamlaka inayosimamia wakopeshaji nchini kwako ina taratibu gani za malalamiko. Kudaiwa hakukuondolei haki zako.

Mwenza wangu hajui nina madeni. Nimwambie?

Mwambie, tena na ile karatasi mkononi, si kwa vipande. Kukiri nusu halafu nusu nyingine igundulike baadaye kunaumiza kuliko deni. Zaidi ya hapo kuna sababu ya kawaida kabisa: huwezi kubana matumizi ya nyumba ambayo mtu mwingine anayaendesha bila kujua kwamba yanabanwa.

Ndugu na marafiki wanaendelea kuniomba. Nisemeje?

Kukataa kila mtu hakudumu, na kukubali kila mtu ni kukopa kwa niaba yao. Tenga fungu dogo la kusaidia, likiisha limeisha. Sentensi inayofanya kazi ni fupi: "Mwezi huu nimefika mwisho, ningekuwa nacho ningekupa." Ukianza kueleza madeni yako yote, mazungumzo yanageuka kuwa mjadala wa nani ana shida zaidi. Kuhusu kumdhamini mtu mkopo, jibu liwe hapana hadi umalize wako. Mdhamini ni mdaiwa anayesubiri zamu.

Niuze vitu? Nitafute kazi ya pili?

Vitu usivyovigusa mwaka mzima, uza, na pesa iende kwenye deni siku ileile. Usiuze kinachokuingizia kipato. Kazi ya ziada inasaidia kama unaipangia kikomo na malipo yake yote yanakwenda kwenye deni. Ikianza kulipia uchovu wake yenyewe, kwa nauli na chakula cha kununua, haina maana.

Nilikuwa naenda vizuri, mwezi huu nimeharibu kila kitu.

Angalia salio, si hisia. Kama miezi sita iliyopita ulikuwa unadaiwa 230,000 na leo 185,000, huwezi kusema umeharibu kila kitu. Rudi kwenye rejesho la kawaida mwezi ujao, usijaribu kufidia kwa kujinyima maradufu. Tafuta pia kilichosababisha: mara nyingi ni gharama ya kila mwaka iliyojulikana tangu zamani, kama ada ya shule, bima au sherehe, ambayo haikugawiwa kwa 12 mapema.

Deni limeisha. Kuna cha kufanya siku hiyo?

Kipo, na usiondoke bila kukifanya. Omba barua inayosema mkopo umelipwa wote na salio ni sifuri, yenye namba ya mkopo na tarehe. Chukua dhamana yako, iwe hati, kadi ya gari au chochote ulichoacha, na hakikisha jina la mkopeshaji limeondolewa kwenye hati hiyo. Kama ulikuwa na mdhamini, mpelekee nakala ya barua. Sitisha agizo la benki la kukata marejesho, maana mfumo haujui kwamba umefurahi. Mfumo huo unaweza kukata tena mwezi ujao. Baada ya wiki kadhaa, omba taarifa yako ya mikopo kwenye ofisi inayoitunza, uone kama deni limeandikwa kuwa limefungwa. Likiwa bado wazi, ile barua ndiyo itakayokusaidia, kwa hiyo itunze pamoja na vyeti vyako.

Halafu tarehe ya rejesho ikifika, hamisha kiasi kilekile kama kawaida, safari hii kwenda akiba.